Siku Mota Ilipokuwa Nyepesi

Naogopa umeme. Nikiwaambia watu hivyo wanacheka, maana ndio unaonilisha, lakini sisemi utani. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimshikia tochi fundi mmoja aliyenizidi umri na ujuzi. Alifungua boksi la nyaya la mota iliyokuwa inazunguka ili apime inavuta umeme kiasi gani. Bisibisi ikateleza. Sikuona moto, niliona weupe tu, kisha nikasikia harufu ya nywele zilizoungua. Yule fundi alipona, ila mikono yake ilibaki na ngozi nyekundu inayong'aa. Mimi nikabaki na tabia ya kugusa kila waya kwa testa mara mbili, na hata baada ya hapo moyo unakuwa bado haujakubali.

Kwa hiyo siku mkufunzi mmoja wa kozi ya mafundi pale Mbeya alipotuonyesha kihisi cha sumaku, nilisogea mbele kuliko wanafunzi wenzangu wote. Kilikuwa kidude kidogo kuliko ukucha, kimeunganishwa na nyaya nyembamba. Alitueleza kwamba mota ikibeba mzigo mzito inavuta umeme mwingi kwenye koili zake, na sumaku inayozaliwa humo haikai yote ndani. Kidogo inavuja nje ya gamba la chuma. Ukibandika kihisi juu ya gamba, kinahisi uvujaji huo, na simu yako inakuchorea mstari. Mzigo ukizidi mstari unapanda, ukipungua unashuka. Hukati waya na hufungui boksi. Unasimama mbali, mikono yako mizima.

Nilinunua vichache, nikaanza kuzunguka navyo kwenye mashine za kukoboa na kusaga, kuanzia Mbozi mpaka Tunduma.

Kaka yangu ndiye aliyeniita kwenye kihenge. Sisi ni wa tumbo moja, tumekulia Igamba kwenye kahawa ya baba, lakini yeye aliteremka Tunduma zamani kutafuta kazi. Wakati huo alikuwa msimamizi wa kihenge cha chuma cha mama mmoja wa Kinamwanga, mfanyabiashara wa mahindi mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Kihenge kilikuwa nje kidogo ya mji, kirefu kuliko mnara wa kanisa lolote nililowahi kusali ndani yake. Mahindi ya Msangano na Ndalambo yaliingia kwa juu. Chini kabisa, ndani ya bomba, kulikuwa na parafujo ndefu ya chuma. Mota ikiizungusha, inayasukuma mahindi mpaka nje, yanamwagika kwenye lori.

"Mota inazima yenyewe," kaka aliniambia. "Fundi mmoja anasema ni ndogo, tununue kubwa. Mwingine anasema imechoka. Mama amechanganyikiwa. Njoo uipime, mdogo wangu."

Nilikwenda. Mama mwenyewe alinipokea, mwanamke mnene wa sauti kubwa, kitenge kimefungwa juu ya sweta.

"Binti, mimi umeme siujui," alisema. "Niambie tu ukweli. Ni mota, au ni wanaume hawa?"

Siku ya kwanza nilizima umeme wote, nikafungua boksi, nikabana mita kwenye waya mmoja, nikafunga, ndipo nikaruhusu mota iwashwe. Nilitaka kulinganisha namba za mita na namba za kihisi. Kihisi nilikibandika kwa tepu ubavuni mwa mota, nikapaka rangi kukizunguka, kwa sababu kikisogea kidogo tu namba zinadanganya. Tuliizungusha parafujo ikiwa tupu, kisha ikiwa na mahindi nusu, kisha ikiwa imejaa. Kufikia jioni niliweza kuangalia simu tu nikajua mota imebeba nini. Nikafunga boksi, nikashukuru Mungu, nikajiambia sitalifungua tena.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kukaa na kutazama. Nilipewa ndoo niikalie, mita chache kutoka kwenye mota, simu mkononi. Mstari ulikwenda sawasawa kwa muda mrefu, halafu ghafla unaruka juu kama mtu aliyechomwa mwiba, na mota inazima. Nilianza kuhisi kwamba kuna kitu kinaikaba parafujo. Lakini sikuwa na uhakika bado.

Siku yalipotokea yale ilikuwa mchana, jua kali, vumbi la mahindi limetanda hewani mpaka unalisikia kwenye meno. Lori la ng'ambo, la Zambia, lilikuwa limeegeshwa chini ya bomba. Dereva wake alikuwa mtu mzima, Mbemba, mtaratibu, aliyechanganya Kiswahili na Kibemba na kumwita kila mtu mukwai kwa heshima. Mahindi yalikuwa yanatoka kwa kusuasua. Yanamwagika, yanakatika, yanamwagika tena.

Kaka alikuja akasimama karibu yangu, akatazama juu.

"Juu pameshikana," alisema. "Mvua ya juzi ilipenya kwenye mfuniko. Mahindi yamelowa, yamekuwa kama ukoko. Napanda kuyachokoa."

"Zima mashine kwanza."

"Nikizima, yatasimama kabisa. Tunafanya hivi siku zote."

"Kaka, zima."

Alinisukuma kidogo kwa bega, kama alivyozoea tangu utoto, akachukua mti mrefu, akaanza kupanda ngazi ya chuma. Mpakiaji mmoja akamfuata. Nilitazama visigino vyake vikipanda, viatu vyake vya ngozi vilivyopasuka nyuma, mpaka akaingia kwenye mlango mdogo wa juu. Nikarudisha macho kwenye simu.

Mstari ulikuwa umeshuka.

Kwanza nilidhani kihisi kimebanduka. Mota ilikuwa ya moto, na tepu ikipata joto huachia. Niliinuka nikakigusa kwa kidole. Kilikuwa kimekaa palepale, ndani ya rangi yangu, kimeshika. Nikatazama simu tena. Mstari ulikuwa umelala pale ulipokuwa siku ya kwanza tulipoizungusha parafujo bila punje hata moja. Nikatazama kwenye lori. Bomba lilikuwa halitoi kitu.

Sijui kama nilifikiri kwa maneno.  Kihenge kilikuwa kimejaa mahindi zaidi ya nusu, na parafujo iliyo chini yake ilikuwa inazunguka tupu. Kwa hiyo mahindi ya chini yalikuwa yameshatoka, na ya juu yalikuwa hayajashuka. Katikati palikuwa na shimo. Juu ya shimo palikuwa na ule ukoko, na juu ya ukoko alikuwa kaka yangu na mti wake.

Nilipiga kelele. Mashine ilinguruma, hakuna aliyenisikia. Nilikimbia kwenye swichi kuu, ambayo ilikuwa ukutani kwenye kibanda cha bati, mkono wake wa chuma umeota kutu. Swichi ile niliichukia tangu siku ya kwanza kwa sababu ilitoa cheche ukiivuta. Nilikuwa nimeshaishika pale mota ilipobadilisha sauti. Ilikuwa inaimba kwa wepesi, ikaguna ghafla, ikawa nzito. Niliielewa sauti ile kabla sijataka kuielewa. Mahindi yalikuwa yameanguka.

Nikavuta. Cheche zikaruka, nikafumba macho, mota ikafa.

Katika ule ukimya nilimsikia mpakiaji kule juu akipiga yowe: "Amezama! Jamani, amezama!"

Watu walikuja mbio kutoka kila upande. Mama alitoka ofisini bila viatu. Alisimama chini ya kihenge, mikono kichwani, akatazama juu, akanigeukia.

"Washa!" alisema. "Washa mashine, mahindi yatoke kwa chini! Yakiisha atabaki amesimama!"

"Mama, hapana. Ikiwaka inamvuta."

"Atakufa amefukiwa humo! Washa, binti!"

Alikuwa analia. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anataka kumwokoa, na wote waliokuwepo waliona maneno yake yana akili. Mpakiaji mwingine mwenye nguvu alinyoosha mkono kwenye swichi. Niliweka mgongo wangu kwenye swichi nikamzuia.

"Mahindi yanakwenda kama maji," nilimwambia, nikisikia sauti yangu inapanda kama ya mtoto. "Yakivutwa chini, na yeye anakwenda nayo. Kwa chini kuna parafujo. Umenielewa? Kuna parafujo!"

Alirudi nyuma hatua. Lakini nilijua nikiondoka tu, mtu mwingine atakuja na huruma yake na kuiwasha. Na nilitaka kuondoka. Kila kitu ndani yangu kilitaka kupanda ile ngazi. Juu walikuwa wanaitana, sikuweza kusikia sauti ya kaka kati yao, na nilikuwa nimebandikwa kwenye ukuta wa bati, nalinda chuma.

Kufuli sikuwa nalo. Njia iliyobaki ilikuwa kutoa fyuzi, na fyuzi zilikuwa ndani ya boksi la swichi. Umeme wa kwenda kwenye mota ulikuwa umekatika, lakini nyaya zinazoingia kutoka kwenye nguzo zilikuwa hai, wazi, upana wa vidole vichache juu ya fyuzi. Nilitoa bisibisi mfukoni.  Mkono wa kushoto niliuweka nyuma ya mgongo kama tulivyofundishwa, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Nikafungua. Niliona zile nyaya za shaba, nikamwona yule fundi wa zamani na mikono yake. Nikapima kwa testa, nikapima tena. Nikang'oa fyuzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikizihesabu kwa sauti kama mwendawazimu. Nikazitia mfukoni. Ndipo nikapanda.

Ndani ya kihenge kulikuwa na joto na giza la vumbi, mwanga ukiingia kwa mlango ule mdogo tu. Kaka alikuwa katikati, mahindi yamemfika kwapani. Mti wake haukuonekana. Uso ulikuwa wa kijivu, na alikuwa anapumua kwa vipande vidogo vidogo, kwa sababu kila alipotoa pumzi mahindi yalijaza ile nafasi na hakuipata tena.

"Usiingie," alisema aliponiona. Sauti haikuwa na upepo. "Mdogo wangu, usiingie."

Wapakiaji walikuwa wamemtupia kamba ya turubai, wanataka kuvuta. Yule dereva wa ng'ambo alikuwa ameshafika juu kabla yangu, na ndiye aliyewazuia.

"Musivute," alisema. "Kwetu kule walimvuta mtu hivyo, mkono ukatoka begani, na mwili ukabaki. Mufunge kamba asizame tena, basi. Mutafute malata."

"Nini?"

"Malata! Mabati, mukwai, mabati ya nyumba! Tumuzungushie."

Nilimwelewa. Ukimzungushia mtu mabati kama kisima, mahindi ya nje hayawezi kumrudia, halafu unachota yale ya ndani. Nilipiga kelele mlangoni kuomba mabati. Niliyemwona akiyabeba kwanza ni mama mwenyewe. Alikuwa ameng'oa mabati ya kile kibanda cha swichi akisaidiwa na wapakiaji wake, akayapandisha ngazini akiwa peku, kitenge kimemdondoka, hajali.

Mimi ndiye niliyekuwa mwepesi kuliko wote. Nilifungwa kamba kiunoni, nikalala juu ya mbao, nikasukumwa kwa tumbo mpaka nilipomfikia kaka. Nililikandamiza bati la kwanza kwa kulichezesha, likazama polepole. Chini yangu mahindi yalisogea. Yalikuwa yanasogea kidogo tu, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, na kila yaliposogea nilikauka. Sijawahi kuogopa vile, hata mbele ya umeme. Umeme unaweza kuuzima. Yale mahindi hayakuwa na swichi.

"Umezima?" kaka aliniuliza.

"Nimezima."

"Umezima kweli?"

"Fyuzi ninazo mfukoni."

Akavuta kipande cha pumzi, akauliza tena kama vile hatujazungumza: "Umezima?" Nilitoa fyuzi moja nikamwekea kwenye kiganja. Mkono wake mmoja ulikuwa nje. Aliifumbata. Hakuuliza tena.

Tulizungusha mabati. Nikaanza kuchota kwa kopo la rangi, namwaga nje ya mduara, nachota tena. Dereva, aliyekaa mlangoni akishika kamba yangu, alikuwa anarudia kwa sauti ya chini, "Panono panono, mukwai, panono panono," na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria kwamba ananiambia nisiharakishe. Mahindi yalishuka mpaka kifuani. Kaka akavuta pumzi ndefu ya kwanza, akakohoa vumbi, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona kaka yangu analia. Nikaendelea kuchota. Mahindi yakafika kiunoni, kisha mapajani. Vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu, na sikujua mpaka nilipoona kopo limechafuka.

Tulipomtoa mlangoni jua lilikuwa limeshaelekea Zambia. Hakuweza kusimama. Walimshusha amefungwa kwenye ubao, na chini watu waliokuwa wamejaa walianza kuimba wimbo wa kanisani, wengine kwa Kinamwanga, wengine kwa Kinyiha, kila mmoja kwa lugha yake. Mama alikaa chini kwenye vumbi akamshika kaka miguu, anaisugua, anamwuliza kama anaisikia. Alikuwa haisikii.

Hospitalini walisema mbavu zimevunjika na miguu imebanwa mno, tusubiri. Tulisubiri. Nilikaa kwenye benchi la korido na shemeji yangu, mke wa kaka, aliyekuja kwa bodaboda akiwa bado na unga mikononi. Hakunilaumu wala hakuniuliza. Alishika mkono wangu uliofungwa bandeji, na kila mlango ulipofunguka tuliruka pamoja. Siku zilizofuata kaka alianza kusikia vidole vya mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Daktari alipomwambia ajaribu kutembea, alitembea kama mzee, lakini alitembea.

Mama aliniita baadaye nimpe jibu la kazi yake. Nilimwonyesha ile mistari. Mota haikuwa ndogo na haikuwa imechoka. Mabonge ya mahindi yaliyolowa yalikuwa yanashuka na kuikaba parafujo, ndiyo maana ilizima. Mfuniko wa juu ulikuwa unavuja, hilo tu. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Siku ile ungeniacha niwashe," alisema, na hakumaliza.

Mfuniko ulizibwa. Ngazi ilifungwa kwa kufuli, na funguo anazo yeye, hazitoi kwa mtu mashine ikiwa inazunguka. Mimi niliunganisha kile kihisi na swichi, ili mota ikiwa nyepesi wakati kihenge bado kina mahindi, izime yenyewe na honi ilie. Nilifunga kingine kama hicho kwenye kihenge cha jirani, na sasa wananiita kutoka mbali. Kazi imeongezeka. Hofu pia imeongezeka. Honi ikilia wakati wa majaribio, na mimi mwenyewe ndiye niliyeiliza, inabidi nishike ukuta. Nyumbani nikichota mahindi kwenye gunia kupeleka mashine, siingizi mkono mpaka kwenye kiwiko.

Kaka hakurudi Tunduma. Yuko Igamba, anahangaika na kahawa ya baba, analala na dirisha wazi hata kwenye baridi ya Juni. Nilipomtembelea mara ya mwisho tulikaa uani, shemeji anapika. Hatukuwa tumewahi kuizungumza siku ile.

"Ulijuaje?" aliniuliza.

 Nilifungua simu, nikatafuta mstari wa siku hiyo, nikampa. Alivaa miwani yake. Nilimweleza hapa mota imebeba, hapa imeshuka, hapa imepanda ghafla. Aliuweka ukucha wa kidole gumba pale mstari ulipolala chini, akaukokota taratibu kuufuata mpaka unapopanda.

"Ni parefu," alisema.

"Ndiyo."

"Hapa pote mimi nilikuwa nimesimama, napiga mluzi."

Alinirudishia simu.  Shemeji akatuita tukanawe.